Mpiga Muziki Anapougua Safarini

  Aliyekosa kulisikia somo hewani atalisoma hapa polepole.

Leo tuwazungumze wapiga muziki wa dansi. Mnawajua. Gari linapakiwa ngoma, magitaa na spika, na bendi inaondoka hapa mjini kwenda Morogoro, Dodoma, hata Tabora. Kila usiku mji mwingine. Huko mpiga tumba anasikia baridi, kichwa kinamgonga, viungo vinauma. Akiulizwa anasema, "Ni uchovu wa gari tu." Kwa nini anaficha? Kwa sababu katika bendi nyingi asiyepanda jukwaani hapati posho, na nyumbani kuna watoto. Mimi simcheki. Lakini hesabu yake ina kosa.

Mbu anayeeneza malaria huuma usiku. Saa hizo wewe umelala ndani ya chandarua. Mpiga tumba yuko uwanjani anapiga mpaka saa nane. Na Tabora kuna malaria nyingi kuliko Dar es Salaam. Tena homa haitoki siku ile ile mtu aliyoumwa na mbu. Mara nyingi huanza baada ya siku 10 hadi 15. Basi mtu ameumwa Tabora, anakuja kuugua Temeke, na jirani wanasema amepigwa na upepo wa njiani! Kwa hiyo ukifika zahanati usiseme homa tu. Taja na miji uliyolala. Utatobolewa ncha ya kidole, litachukuliwa tone la damu, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa kwisha. Nenda ndani ya saa 24 tangu homa ianze, maana malaria ikiachwa yaweza kupanda kichwani, na hapo si posho ya usiku mmoja itakayopotea.

Ikionekana ni malaria, mtu mzima kwa kawaida hupewa dawa ya mseto. Humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 kwa siku 3. Mara ya pili ni baada ya kupita saa 8. Kisha ni asubuhi na jioni. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Siku ya pili mpiga tumba anajisikia mzima, anamgawia mwenzake vidonge vilivyobaki. Basi wote wawili hawakupona.

Lakini si kila ugonjwa huanza na homa. Mnamkumbuka Dr Remmy Ongala wa Orchestra Super Matimila. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978. Alikaa Sinza, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Kinondoni, na mpaka kituo cha basi kikaitwa Sinza kwa Remmy. Muziki wake ulifika Ulaya. Mwaka 2001 alipatwa na kiharusi. Baadaye aliacha dansi, akaimba nyimbo za dini, akafariki Desemba 2010.

Mwenzenu mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, maneno yakamkwama, msimlaze nyuma ya jukwaa apumzike. Msimpe chai wala kidonge. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama watu wamekwisha kata tiketi. Na mwenye shinikizo la damu asisahau vidonge vyake nyumbani. Avihesabu kwa siku za safari, aongeze vya siku chache, maana magari huharibika.

Sasa shikeni kalamu. Katika karatasi ndogo andikeni jina lenu, dawa mnazotumia, na mahali mlipolala katika siku 14 zilizopita. Ikunjeni, itieni mfukoni. Wiki ijayo mwalimu ataomba kuiona.