Kijana Aliyejeruhiwa Moyoni: Nafasi ya Simu na Wajibu wa Jumuiya



Tumekutana, viongozi wa walei wa Handeni na Korogwe, kutafakari hali ya vijana wetu wanaoishi na kiwewe. Kiwewe ni jeraha la moyo linalobaki baada ya mtu kupatwa na jambo la kutisha: kunajisiwa, kupigwa mno, kufiwa na wazazi, au kushuhudia ajali barabarani. Hata kuhama kwaweza kumwachia mtoto majonzi, nasi twawakumbuka waliofika Msomera na familia zao kutoka Ngorongoro tangu 2022. Kijana mwenye kiwewe hushtuka usingizini, hukwepa watu, hushindwa masomo. Nasi twamwita mtukutu, au twasema ana pepo.

Wenye jeraha hili si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kimya hicho twakijua: shauri humalizwa nyumbani, wazee hupokea faini, na mtoto huendelea kumpa shikamoo yule aliyemdhuru.

Je, simu yaweza kusaidia? Yaweza. Namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, iliyoanza 2013, hupigwa bila malipo. Kijana wa Kwamsisi au Magoma aweza kueleza shida yake kwa mtu asiyemjua baba yake. Lakini mara nyingi simu yenyewe ni ya baba au mjomba. Tena, baada ya kusema, kijana anahitaji mtu wa kutembea naye.

Tiba hiyo yawezekana hata penye uhaba wa wataalamu. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida walifunzwa kuwaongoza watoto waliofiwa na wazazi katika vikao 12 vya vikundi, pamoja na walezi wao. Watoto walijifunza kutuliza pumzi, kuzitaja hisia zao, na kusimulia kidogo kidogo yaliyowapata, hata kumbukumbu ikapungua ukali. Matokeo yaliyotangazwa 2020 yalionyesha kwamba katika maeneo 3 kati ya 4, watoto hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Katika kazi ya namna hiyo simu ina nafasi yake. Mnasihi wa kijijini aweza kumwuliza msimamizi wake aliye mbali. Kijana aweza kusikiliza mazoezi ya pumzi yaliyorekodiwa kwa Kiswahili, huku akingoja kikao kijacho.

Yatupasa kuonyana pia. Wako wanaotuma picha na jina la mtoto aliyedhulumiwa katika kundi la simu la jumuiya, wakisema, "Tumwombee." Huko ni kumvua nguo mara ya pili. Sala haihitaji picha.

Basi tunapendekeza haya:

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwafundishe watoto namba 116.

Pili, kila kigango kichague mwanamke na mwanamume wenye kutunza siri, wapelekwe mafunzo ya unasihi. Kazi yao iwe kusikiliza na kusindikiza. Wasisuluhishe mashauri ya ukatili.

Tatu, ukatili uripotiwe kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa. Kutunza siri ya mtoto si kuficha kosa la mkubwa.

Msamaria mwema alifunga majeraha, akamfikisha mgonjwa penye huduma, akalipa, kisha akaahidi kurudi. Nasi tusimwachie kijana namba ya simu tukaenda zetu. Turudi kumwangalia.