Pombe na Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya pombe na nyumba yenye mtoto mchanga. Tunaosema ni sisi akina baba wanne wa kitongoji cha juu, na hakuna kati yetu ambaye hakukosea. Kwa hiyo mtu asiseme tumemsema yeye.

Mtoto akizaliwa huku kwetu Kilimanjaro, ndugu huja na mbege. Hilo si kosa, ni furaha yetu. Kosa linaanza wiki ya pili. Mzazi yuko ndani na mtoto, halimi wala habebi kuni, anapewa mtori ili mwili urudi. Jikoni yuko bibi wa mtoto. Baba anajiona hana kazi hapo nyumbani, usiku mtoto analia, basi anatoka ati kupunga upepo. Siku ya kwanza kata moja. Mwezi ukiisha anarudi saa sita usiku, hana hata fedha ya sabuni.

Hapo maneno yanaanza. Mke anauliza fedha ya kahawa imekwenda wapi, mume anajibu kwa sauti ya kilabuni. Mmoja wetu aliambiwa na mkewe: "Watoto ninao wawili, mmoja ananyonya, mwingine anakunywa." Tulicheka aliposimulia, yeye hakucheka. Mwingine wetu aliinua mkono. Mke akarudi kwao na mtoto wa miezi miwili, tukaenda kumwangukia baba mkwe mara tatu.

Tena wako akina mama wanaoingiwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Hao wapelekwe zahanati. Lakini mume aliye kilabuni atajuaje?

Wapo wanaosema mzazi anywe mbege ili maziwa yashuke. Sivyo, jamani. Pombe inazuia maziwa kutoka, tena inaingia ndani ya maziwa kwa kadiri ileile iliyomo katika damu ya mama. Maziwa huongezeka kwa kunyonyesha mara kwa mara, na mama kula na kunywa vizuri. Na aliyelewa, baba au mama, asilale kitanda kimoja na mchanga. Anaweza kumlalia, mtoto akakosa pumzi, yeye asiamke.

Sisi tumefanyaje? Mmoja ameacha kabisa. Wawili tunakunywa Jumapili tu na kurudi kabla jua halijazama. Wa nne bado anahangaika, naye amekubali tuseme hivyo. Kilichotusaidia ni kupewa kazi: kumbeba mtoto jioni mama aoge, kufua nepi, kwenda naye kliniki siku ya kupima uzito. Wazee walitucheka kwa ajili ya nepi. Wacha wacheke.

Ombi letu kwa kamati ni hili. Malipo ya pili ya kahawa, kwa kila nyumba yenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mume na mke waje dirishani pamoja. Karani anasema foleni itakuwa ndefu. Tunaomba mkutano uamue kabla malipo hayajaanza.