Mama Aliwaza Nini Usiku Ule?

Maneno tuliyosema mbele ya kamati za parokia kutoka Musoma, Bunda na Butiama



Ndugu wanakamati, nanyi wafadhili wetu, tunaomba tuanze na msichana mmoja wa darasa la sita. Aliandika hadithi ya binti anayetoroka nyumbani mwezi Desemba ili asikeketwe. Binti anakimbia gizani, miiba inamchoma, mbwa wanabweka. Yote hayo aliyaandika vizuri. Ila mama alipewa sentensi moja tu: "Mama yake alikuwa mkatili."

Hatukumsahihisha. Tulimwuliza: mama huyo aliwaza nini usiku ule? Akakaa kimya, kisha akajaza ukurasa mzima. Mama anahesabu ng'ombe wa mahari ambao hawatakuja. Anawaza atakavyochekwa kisimani. Anaikumbuka siku yake mwenyewe, jinsi alivyokatazwa kulia.

Baadhi ya wazee wa kanisa walituuliza kama hatuwafundishi watoto kutetea dhambi. Hapana. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, nasi tungekataa hata kama sheria isingekuwepo. Lakini kamati ikienda kuzungumza na mama huyo bila kujua anachokiogopa, itarudi mikono mitupu.

Wala si elimu ya kigeni. Ukivuka ziwa kutoka Kisorya, wilayani Bunda, unafika Ukerewe kwa marehemu Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto. Kwa Kiswahili kitabu kilitoka mwaka 1981. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanamrudisha binti yao kwao, na msomaji anaona kila upande una uchungu wake.

Shida yetu kubwa ni mazoea. Watoto wengi humaliza kwa "hadithi hii inatufundisha", hata kabla watu wa hadithi hawajasema lolote. (Walimu wetu nao hufanya hivyo, na sisi tulifanya.) Tunaomba madaftari, na ukumbi wa parokia kwa saa mbili kila Jumamosi.

Yule msichana bado hajamaliza. Juzi alituuliza kama baba naye anaweza kupewa ukurasa wake.