Maneno Mafupi ya Simu na Nyoyo za Vijana



Mazungumzo mengi ya vijana wa siku hizi hayasikiki. Huandikwa kwa kidole gumba, na aliye chumba cha pili hana khabari. Kwa hiyo wazee wengi wameiona simu kuwa adui, na lawama yao si ya bure: kijana hukesha nayo, akaamka na macho mekundu, au akasoma tusi ambalo uso kwa uso asingetupiwa.

Lakini na ukumbukwe mwezi wa Machi 2020, skuli za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya Korona. Hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Katika muda huo vijana walitengana na wenzao, na kwa wengi kamba iliyobaki ilikuwa ujumbe wa maneno machache: "Umekula? Mama hajambo?" Aliyeulizwa hivyo alijua ya kwamba angali anahesabiwa miongoni mwa watu. Msaada khasa ni huo, wala si wingi wa ujumbe. Mtu aweza kupokea mia kwa siku na asiwe na hata mmoja wa kumwambia shida yake.

Mathalan, kijana wa Wanyange amekwenda Mbale kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988. Ada imechelewa, mtihani umemshinda, na usingizi umemhama. Mbele ya baba yake haya humfunga mdomo. Katika simu huandika, wala haandiki yote: "Nipo tu, baba." Maandishi hayana uso wala sauti. Baba mwenye haraka hujibu, "Alhamdulillahi, soma kwa bidii," na mambo yakaishia hapo. Mama amjuaye mwanawe husita kwenye neno lile "tu". Hupiga simu asikilize sauti, na sauti ikimtia shaka, siku ya pili yumo katika basi la Mbale.

Na mtoto asiye na wa kumwambia nyumbani, iko nambari 116 ya Sauti, iliyoanzishwa Uganda mwaka 2014, kuipiga hakulipiwi. Ingefaa ibandikwe mlangoni pa madrasa, mahali ambapo mtoto ataisoma bila ya kuulizwa anatazama nini.