Kazi ya Datsun Kuukuu: Maneno kwa Mafundi wa Motokaa, Nyaramba



Wengi wenu mmeiona motokaa iliyofunikwa turubai nyuma ya karakana. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Aina hiyo ilishinda Safari mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Ya 1973 wazee wanaikumbuka, maana Mehta na Harry Källström, wote wawili katika Datsun, walimaliza na pointi sawasawa, ikabidi kanuni ziamue. Sasa mwenyewe anataka kuipeleka katika mashindano ya motokaa za zamani, yale yaliyoanza hapa Kenya mwaka 2003. Anataka sehemu yote ya nyuma ifunguliwe na kufanywa upya, kuanzia propela mpaka magurudumu. Mwajiri wetu amemwahidi kwamba kazi itakwisha kwa siku nne, na sisi tutalipwa bei moja ya jumla. Hizo siku nne ndizo zilizotuleta mbele yenu.

Twataka kwanza tuieleze kazi yenyewe, ili kila mtu ajue tunadai malipo ya nini.

Malori ya majani chai tuliyoyazoea yana ekseli moja nzima nyuma. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Datsun hii si hivyo. Difu yake imefungwa kwenye bodi, na kila gurudumu lina hafu shafti yake yenye joint mbili, mkono wake wa chini, na nguzo yake iliyobeba springi na shokabu pamoja. Dereva hufurahi, bali fundi huhesabu: joint nne za hafu shafti, mbili za propela, na bushi za mpira kila mahali.

Na mpira ndio hufa kwanza. Difu imeshikwa mbele kwa kitako cha mpira, na nyuma kwa chuma kilichopinda mithili ya masharubu. Dereva akikanyaga mafuta, pua ya difu hutaka kuinuka. Kitako kikiwa kimepasuka, utasikia mlio wa chuma kila aachiapo klachi. Fundi mwenye haraka husema difu imekufa, akaifungua bure. Tazama mpira kwanza. Meno ya ndani tusiyaguse ikiwa hayalii. Na yakiwa yameharibika, gurudumu kubwa la meno na pinioni yake hubadilishwa pamoja, si moja peke yake. Propela nayo itiwe alama kabla ya kufunguliwa, irudi vile vile ilivyokuwa, la sivyo motokaa itatetemeka na lawama itakuwa yetu.

Sasa tufike kwenye pini, maana hapo ndipo siku nne zinapokwisha. Chini ya kila gurudumu la nyuma mna pini ndefu ipitayo katika bushi mbili na katika chuma kinachoshika gurudumu. Katikati imefungwa kwa kipini kidogo cha pembeni. Pini hiyo imekaa humo miaka zaidi ya 50, na kutu imeifanya chuma kimoja na wenzake. Hutiwa mafuta na kulazwa usiku, hutiwa moto, ndipo isukumwe kwa presi. Yaweza kula siku nzima kwa upande mmoja tu. Atakayeipiga nyundo kichwani atakipanua kama uyoga, isitoke tena. Na presi karakana hii haina. Itabidi vyuma vibebwe mpaka Kisii mjini na kurudishwa. Je, nauli na saa hizo zimo katika bei ya jumla? Tumeuliza, hatujajibiwa.

Springi ya nguzo imebanwa kwa nguvu nyingi. Ukifungua nati ya juu kabla ya kuifunga vibano viwili vya haki, itaruka na kumvunja mtu taya. Waya wa kufungia si kibano. Breki za nyuma ni za ngoma, na laini za miaka ile zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halipulizwi kwa upepo, hulowanishwa na kufutwa. Na bushi za mikono zisikazwe motokaa ikiwa juu. Zikazwe imesimama kwa magurudumu yake, ama mpira utapindika na kuchanika mapema.

Mambo hayo yote hufanywa mtu akiwa amelala chini. Udongo wa Nyaramba mnaujua: mvua ikinyesha, jeki huzama upande mmoja kimya kimya. Mwajiri atoe stendi nne na mbao ngumu za kuwekea chini. Mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki na mawe, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Vijana wa spana, neno hili ni lenu hasa, kwa kuwa ninyi ndio mnaotumwa chini. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humhesabu mwanagenzi kuwa mfanya kazi, na yamlazimu mwajiri kuwakatia bima wafanya kazi wake. Mkiambiwa kwamba ninyi mnajifunza tu, kwa hiyo hamna haki, mwiteni mjumbe wa chama papo hapo.

Tumemwandikia mwajiri mambo matatu: malipo kwa saa, stendi na vibano kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, na bima kwa wote, vijana wakiwemo. Ameahidi kujibu Ijumaa. Mpaka hapo Datsun ibaki chini ya turubai. Kamati itakuwa hapa Ijumaa hiyo saa kumi na moja jioni, na kila fundi aje na hesabu yake ya saa, upande wa kushoto na upande wa kulia.