Msimamizi wa Mikopo Apimwe kwa Nini?



Mmetuuliza habari za mafungu ya mikopo ya Marekani yaitwayo CLO, maana huko hata akiba za uzeeni za wafanyakazi hutiwa humo. Msimamizi hukusanya mikopo ya makampuni mia mbili hivi, yenye madeni mengi tayari, kisha huuza hati kwa madaraja. Wa juu hulipwa kwanza, kwa riba ndogo. Wa chini hulipwa mwisho, na hasara huanzia kwao.

Na msimamizi? Sehemu ya ujira wake hutolewa kabla hata wa juu hawajapata riba yao! Basi asisifiwe kwa gawio nono la mwaka mmoja. Pengine amenunua mikopo mibovu yenye riba kubwa, na mtaji unaliwa polepole. Tuulize mtaji uliobaki, tena tumlinganishe na walioanza mwaka ule ule. Mafungu mengi ya 2006 na 2007 yalifaidi baada ya msukosuko wa 2008 kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kukopa kwa bei nafuu. Hiyo si akili ya msimamizi peke yake.

Nao walioajiriwa na wakopaji? Toys "R" Us, iliyonunuliwa kwa madeni mwaka 2005, ilifunga maduka yake ya Marekani mwaka 2018, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 wakapoteza kazi.