Fedha ya Msafiri Avukaye Mpaka



Tumeombwa kusema machache juu ya jambo ambalo laonekana dogo mpaka siku limpatapo mtu, nalo ni hili: jinsi msafiri awezavyo kupata fedha ya nchi ya ugenini bila ya kutegemea kadi ya benki. Wengi wenu hamna kadi hiyo, wala si aibu. Na wale walio nayo wajue ya kuwa kadi si mwenzi wa kuaminiwa safarini. Mashine huimeza, benki huifunga kwa kuona yatumika mahali pageni, au mtandao hukatika siku ya Jumapili, na mtu husimama mbele ya mashine kama asimamaye mbele ya ukuta. Kwa hiyo maneno yetu ni kwa wote.

Tutachukua safari moja iwe mfano, yaani safari ya kutoka Arusha kwenda Nairobi kwa njia ya Namanga, kwa kuwa watu wengi wa upande wetu huifuata kwa biashara, kwa masomo, na kwa kuwapeleka wagonjwa.

Jambo la kwanza limpotezalo msafiri katika njia hii ni jina la fedha yenyewe. Tanzania ina shilingi, Kenya ina shilingi, na Uganda ina shilingi. Zamani zilikuwa moja kweli. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London. Shilingi yake ikashika mahali pa rupia miaka ya 1921 na 1922, na Unguja nayo ikaingia mwaka 1936. Mtu aliweza kutoka Tanga mpaka Kampala na noti zile zile mfukoni. Lakini mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake kwa benki kuu yake, na tangu hapo ndugu hawa watatu wamekua kwa vimo mbalimbali. Katika mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikipata kiasi cha 18 mpaka 21 za Tanzania, na karibu 28 za Uganda. Serikali za Jumuiya zilitia sahihi mapatano ya fedha moja mwaka 2013, zikitumaini kuwa nayo mwaka 2024. Mwaka ule umepita, na sasa unaotajwa ni 2031. Hata siku hiyo ifike, msafiri hana budi kubadilisha fedha.

Sasa sikilizeni habari ya mwalimu mmoja tumjuaye, ambaye ametupa ruhusa kuisema bila ya kumtaja jina. Mtoto wake alikuwa na maradhi ya moyo, naye akaambiwa ampeleke Nairobi. Akauza ng'ombe wawili, akapata shilingi 1,200,000, akazifunga katika kitambaa, akapanda basi. Alipofika mpakani wakamzunguka vijana wabadilishao fedha barabarani. Mmoja wao, mwenye adabu na maneno matamu, akamwambia, "Shikamoo, mwalimu. Dukani watakutoza 20 kwa kila shilingi ya Kenya; mimi nakupa kwa 19." Mwalimu akapiga hesabu kichwani, akaona faida ya shilingi 3,000 za Kenya na zaidi. Kijana akahesabu noti mbele yake, zikatimia 63,000. Mwalimu akazishika kwa mkono wake mwenyewe, akazihesabu, akaridhika. Kisha kijana akasema, "Nipe kidogo, mwalimu, nimesahau kukuongezea ile mia na hamsini." Akazichukua, akazikunja, akaongeza, akazirudisha. Wakati huo huo dereva alikuwa akipiga honi.

Huko Nairobi, mbele ya dirisha la mwenye kupokea malipo, mwalimu alifungua kitambaa akakuta 51,000. Tena katika hizo, mbili zilikuwa noti za zamani za shilingi 1,000, ambazo Kenya ilizifuta tangu tarehe 1 Oktoba 2019, na hakuna mtu wa kuzipokea. Zikabaki 49,000. Mtoto akalala usiku ule bila ya kupokewa.

Ndugu zetu, msimcheke mwalimu huyu. Alihesabu, na alihesabu sawasawa. Kosa lake lilikuwa kuziachia noti baada ya kuzihesabu. Fedha iliyokwisha kuhesabiwa na kushikwa hairudi tena mkononi mwa mbadilishaji kwa sababu yoyote. Akisema amekosea, na arudishe noti zako zote, mwanze upya. Tena bei iliyo nzuri kuliko ya duka ndiyo chambo. Jiulizeni: yule kijana naye hununua fedha yake wapi, hata aweze kuiuza kwa hasara?

Kwa hiyo twawashauri mwende katika benki, au katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni iliyobandikwa ukutani. Humo mtaona ubao wenye bei mbili kwa kila fedha, bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na hapa twaomba walimu watusikilize vizuri, maana ni hesabu ifaayo kufundishwa hata darasani. Bei hizo ni za duka, si zako. Ubao ukiandika Kenya 18.50 na 20, maana yake duka litakupa 18.50 likinunua kwako shilingi moja ya Kenya, na litataka 20 likikuuzia. Mtu aliye na 400,000 za Tanzania atapata 20,000 za Kenya. Tuseme safari imevunjika, akarudi dukani saa ile ile: atapewa 370,000. Shilingi 30,000 zimekwenda, na hakula wala kunywa chochote! Lakini duka la jirani likiandika 19 na 19.50, atapata 20,512, na akirudi atapewa karibu 389,700. Hasara yake ni 10,300 tu. Basi usiulize kwanza, "Bei gani?" Tazama umbali ulio kati ya bei mbili; ukiwa mpana, toka, uende duka la pili. Uliza pia kama kuna ada juu yake, kisha udai risiti, uhesabu mbele ya dirisha kabla ya kuondoka, hata kama nyuma yako kuna watu wanaonung'unika.

Hapana haja ya kubadilisha zote mahali pamoja. Mpakani badilisha kiasi cha nauli, chakula na malazi ya usiku mmoja. Zilizosalia zibadilishe mjini, ambako maduka ni mengi na yashindana. Wala usizitie zote katika mfuko mmoja. Bibi zetu walijua kufunga pindo la kanga, na sisi hatujaona mahali bora zaidi.

Turudi kwa mwalimu wetu. Aliokolewa na simu. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania na M-Pesa ya Kenya zimeunganishwa, na fedha itumwayo kwa shilingi zetu hupokewa kwa shilingi za Kenya. Nduguye aliyebaki nyumbani alikopa kwa jirani, akatuma katika namba ya kijana wa kijijini kwao afanyaye kazi Nairobi. Kijana akaenda kwa wakala, akatoa noti, akamletea mwalimu mkononi. Mtoto akapokewa siku ya pili. Hii ndiyo njia tuipendayo kuliko zote kwa safari ya nchi jirani, kwa kuwa fedha haipiti mpakani ndani ya kitambaa. Ila yatakiwa ipangwe kabla ya safari: mjue namba ya nani itapokea, mmwamini mtu huyo, na mjaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Tena tazameni bei ambayo simu yaonyesha kabla ya kukubali, maana huko nako kuna bei ya kubadilishia pamoja na ada. Asiye na mtu wa kumwamini anaweza kununua laini ya Kenya akifika, na kuiandikisha kwa pasi yake ya kusafiria.

Iko pia hawala ya makampuni kama Western Union, ambayo imekuwa ikipeleka fedha za watu tangu mwaka 1871, siku za simu ya waya. Mtumaji hulipa huku, hupewa namba, na mpokeaji huenda na namba hiyo pamoja na kitambulisho chake. Neno moja tu twataka kulitilia mkazo. Jina liandikwe kama lilivyo katika pasi, herufi kwa herufi. Kwetu mtu huwa na jina la nyumbani, jina la shuleni, jina la dini, na tena huitwa Baba Fulani. Aliyetumiwa fedha kwa jina la Baba Rehema atarudi mikono mitupu, hata kama karani mwenyewe anamjua.

Kwa safari za mbali, kama Dubai au Ulaya, shilingi yetu ni vigumu kupata mnunuzi, na wengi huchukua dola za Marekani. Fanyeni hivyo, lakini chagueni noti. Serikali ya Marekani haijazifuta noti zake za zamani. Lakini wenye maduka katika nchi zetu wana sheria zao wenyewe, nao mara nyingi hukataa noti iliyochapwa kabla ya mwaka 2006, na wengine hata 2009. Huko Kongo noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha yaweza kukataliwa mchana kweupe. Noti za 50 na 100 kwa kawaida hupata bei bora kuliko za 1, 5 na 10. Zichukueni mpya, zisizo na maandishi wala mikunjo, na zichache ndogo kwa ajili ya njiani.

Na sheria msizisahau. Avukaye na fedha taslimu inayofikia thamani ya dola 10,000, ikiwa Kenya au Tanzania, ni juu yake kuitaja kwa maofisa wa forodha. Kuitaja si kulipa kodi, bali kuificha ndiko kunakoleta kunyang'anywa. Nao wageni wetu wajao kwetu waambieni ya kuwa tangu mwezi wa Machi 2025 Tanzania imekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha ya kigeni katika biashara za ndani. Basi Mkenya ajaye kununua vitunguu sokoni hana budi apitie dukani kwanza kubadilisha, na mwenye kumuuzia asimwambie vinginevyo.

Limebaki jambo la sarafu. Wabadilishaji hupokea noti tu. Siku ya kurudi, kabla hamjafika mpakani, zitumieni sarafu kwa chai, kwa mkate, kwa mchukuzi wa mizigo. Mwalimu wetu alirudi na sarafu za Kenya kiganja kizima, na sasa zimo ndani ya kopo dirishani pake. Amesema atazichukua tena mwezi wa saba, siku ya kumrudisha mtoto kutazamwa na daktari.